Namna ya Kupata Vitabu Vipya na Filamu Mpya Maktabani Mombasa: Mwongozo wa Anayeanza

Kila shule zinapofungwa, na kila Januari, maswali huwa ni yale yale. Nifanyeje niwe mwanachama? Vitabu vipya huwekwa wapi? Filamu zipo? Kwani pale si mahali pa watahiniwa kusomea mtihani tu? Nimeyajibu mdomoni mara nyingi hata nikaona afadhali niyaandike pamoja. Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi Mombasa, iwe kisiwani, Likoni, Changamwe, Kisauni au Nyali, na hujawahi kuazima kitabu, au uliwahi zamani ukaacha kwa kuona rafu ni zile zile.

Shika jambo moja kabla ya mengine: kitabu kipya hakikutafuti. Anayekipata ni yule aliyeingia na jina lake limeandikwa, au aliyekiomba kabla hakijanunuliwa. Hatua zote zilizo hapa chini zinakupeleka hapo.

Vitu vya kuwa navyo

- Kitambulisho cha taifa au pasipoti, pamoja na nakala yake. Mtoto aje na mzazi au mlezi na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Mwanafunzi abebe kadi au barua ya shule.
- Picha mbili ndogo za pasipoti.
- Jina na namba ya simu ya mtu anayeweza kukudhamini. Mwarifu mapema, asije akashtuka akipigiwa simu.
- Pesa kidogo za ada. Beba taslimu na uwe na salio la M-Pesa, kwa sababu huwezi kujua siku hiyo watapokea ipi.
- Daftari dogo na kalamu. Simu pia hufaa, lakini daftari halizimiki chaji.
- Mkoba usiopitisha maji. Masika ya Aprili na Mei hayamhurumii mtu anayengoja feri na kitabu cha watu mkononi.
- Kwa filamu: kifaa cha kuchezea DVD na vipokea sauti vya masikioni. Kagua kompyuta yako kwanza. Nyingi za siku hizi hazina mlango wa DVD.

Hatua

1. Chagua maktaba kwa kuangalia unachotafuta.

Ya kuanzia ni maktaba ya umma ya Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, KNLS, iliyo barabara ya Msanifu Kombo upande wa Tononoka. Hapo kuna vitabu vya watu wazima, sehemu ya watoto, magazeti na marejeleo. Kwa vitabu na filamu za Kifaransa, nenda Alliance Française. Ikiwa shida yako ni historia ya pwani, magofu, majahazi au ushairi wa zamani, ulizia maktaba ya Makumbusho ya Taifa pale Fort Jesus. Hiyo ni ya utafiti: vitabu husomewa papo hapo, havibebwi nyumbani. Maktaba za vyuo ni za wanafunzi wao, na mgeni huhitaji barua.

Wako wanaodhani kwamba maktaba ni jambo lililoletwa Mombasa juzi. Mji huu ulikuwa na maktaba ya umma tangu 1903, ile ya Seif bin Salim, kabla Nairobi haijawa mji wa kutajwa. Ukiingia maktabani unaingia katika desturi ya kwenu.

2. Jisajili siku ya kwanza, usiahirishe.

Wengi huenda mwaka mzima kusoma mezani bila kadi, na wasio na kadi hawaazimi. Kwenye dawati la mapokezi uliza mambo manne, uyaandike: ada ya mwaka ni kiasi gani, naazima vitabu vingapi kwa mara moja, nakaa navyo siku ngapi, na faini ya kuchelewa ni kiasi gani kwa siku. Uliza pia saa za kufungua, hasa Jumamosi na wakati wa Ramadhani.

Ukifika Oktoba au Novemba, mwezi wa KCSE, viti huwa vimejaa watahiniwa. Usivunjike moyo. Wewe umekuja kuazima, huhitaji kiti.

3. Tumia nusu saa kuzijua rafu.

Vitabu vya maarifa hupangwa kwa namba za Dewey, mfumo wa Mmarekani Melvil Dewey uliochapishwa mara ya kwanza 1876. Huna haja ya kuujua wote. Nakili hizi tu:

- 297: Uislamu
- 496.392: lugha ya Kiswahili
- 641.5: mapishi
- 658: uendeshaji wa biashara
- 791.43: sinema na utengenezaji wake
- 896.392: fasihi ya Kiswahili
- 967.62: historia ya Kenya

Riwaya za Kiingereza mara nyingi hutengwa na kupangwa kwa herufi za jina la mwisho la mwandishi. Soma lebo iliyo kwenye mgongo wa kitabu.

Halafu kuna sehemu mbili ambazo anayeanza huzipita bila kuziona. Ya kwanza ni rafu au meza ya vitabu vilivyoingia karibuni, ambayo huwa karibu na dawati. Ya pili ni kitoroli cha vitabu vilivyorudishwa, vinavyongoja kupelekwa mahali pake. Hicho kitoroli nakipenda kuliko rafu yoyote, maana kinakuonyesha watu wa mji huu wanasoma nini wiki hii. Omba ruhusa, kisha kipekue. Kitabu kikiwa na karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani, itazame: mihuri iliyosongamana ni ushahidi kwamba kitabu kinazunguka.

4. Andika orodha yako nyumbani.

Hii ndiyo kazi yenyewe. Mtu akiingia bila orodha hutoka na kitabu kile kile alichokiona mwaka juzi. Majina mapya utayatoa wapi?

Anza na tuzo. Kwa Kiswahili iko Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Huwapa zawadi waandishi wa miswada ya riwaya, ushairi na hadithi, na miswada mingi iliyoshinda imekuwa vitabu. Kwa Kenya iko Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, chini ya Chama cha Wachapishaji, yenye vitengo vya Kiswahili na Kiingereza, vya watu wazima, vijana na watoto. Tafuta orodha ya washindi wa miaka mitatu minne iliyopita na unakili majina. Usiishie kwa mshindi peke yake. Waliofika fainali mara nyingi ndio watakaokufaa, na nakala zao hazigombaniwi.

Pili, tazama tafsiri. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yake iliyotoka kwa Kiingereza 1994 ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis ikatoka kwa Kiswahili 2022 kwa jina *Peponi*. Kwa msomaji wa Kiswahili hicho ni kitabu kipya kabisa, na kinaeleza njia za misafara na miji ya pwani kwa lugha ambayo watu wenyewe wangeisema. Kitafute.

Tatu, waandishi wa hapa hapa. Khadija Abdalla Bajaber ni wa Mombasa, na riwaya yake *The House of Rust* ya 2021 ni ya msichana wa Mombasa anayeingia baharini kumtafuta baba yake mvuvi. Mwaka 2022 ilishinda Tuzo ya Ursula K. Le Guin ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Imeandikwa kwa Kiingereza, na haisomeki haraka haraka, lakini aliyekulia karibu na bahari hii ataitambua.

Nne, magazeti ya maktabani. Keti na *Taifa Leo* na kurasa za sanaa za magazeti ya mwisho wa wiki, usome uhakiki, unakili majina. Hapo hulipii gazeti.

Kwa kila kitabu andika jina, mwandishi, mchapishaji na mwaka. Ukipata ISBN, iandike vilevile. Hiyo ni namba ya utambulisho wa kitabu, na tangu 2007 ina tarakimu 13. Vitabu vingi vya Kenya huanza na 978-9966, na vingi vya Tanzania huanza na 978-9976 au 978-9987. Utaiona karibu na mistari ya bei kwenye jalada la nyuma.

5. Hakikisha kwamba ni kipya kweli.

Jalada linaweza kudanganya. Mchapishaji hubadilisha picha ya mbele, na kitabu cha miaka arobaini kikang'aa kama cha jana. Fungua ukurasa wa hakimiliki, nyuma ya ukurasa wa jina, usome mwaka wa kuchapishwa mara ya kwanza. Ikiwa miaka imefuatana, ile mingine ni ya kupigwa chapa tena bila mabadiliko. Likiandikwa "toleo la pili" au "toleo lililosahihishwa", basi yaliyomo yameguswa. Kwa riwaya hili si kitu. Kwa kitabu cha kompyuta, kodi, sheria au afya, ni muhimu sana: kitabu cha sheria ya Kenya kilichoandikwa kabla ya Katiba ya 2010 kinaweza kukupoteza.

6. Zungumza na mkutubi, na umwambie kwa undani.

Usiseme, "Nipe kitabu kizuri." Hakuna anayeweza kulijibu hilo. Sema hivi: "Habari ya asubuhi, dada. Natafuta riwaya ya Kiswahili iliyotoka miaka hii ya karibuni, ya fumbo au upelelezi. Za Bwana Msa nimeshazimaliza. Hii hapa orodha yangu. Kuna chochote katika hivi, au kinachokaribiana navyo?" Akitafuta kwenye katalogi ya kompyuta, mwombe akuonyeshe namna ya kutafuta mwenyewe. Jaribu jina la mwandishi kwanza, kwa kuwa majina ya vitabu hukosewa tahajia, hasa ya Kiswahili.

Kitabu kikiwa kimeazimwa, omba uwekewe kitakaporudi, na uache namba yako. Kikiwa hakimo kabisa Mombasa, uliza kama tawi lingine la KNLS linacho.

Mkutubi ni mtu aliyesomea kazi hii. Mheshimu, msalimie, mwambie ulivyokiona kitabu ukikirudisha. Kuanzia mara ya pili au ya tatu atakujua, naye akifungua boksi jipya atakukumbuka.

7. Omba kinunuliwe.

Hatua hii watu wachache huifanya, nayo ndiyo inayobadilisha rafu. Vitabu vingi vipya vya Kiingereza katika maktaba zetu za umma ni msaada. Shirika la Book Aid International la Uingereza, kwa mfano, hutuma vitabu vilivyotolewa na wachapishaji wa kule, na utauona muhuri wake ndani ya jalada. Ni vitabu vizuri na tunashukuru. Lakini wachapishaji wa London hawatatuma riwaya ya Kiswahili wala kitabu cha mashairi ya Kimvita. Hivyo vinanunuliwa hapa kwa fedha za hapa, na anayepanga manunuzi hutaka kujua kama wasomaji wapo.

Basi uliza kama kuna fomu au daftari la mapendekezo. Kama hakuna, andika barua fupi: jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, ISBN, na sentensi mbili za kwa nini kinafaa wasomaji wa Mombasa. Tia jina na sahihi. Watu watano wakiomba kitabu kimoja, kila mmoja kwa barua yake, ombi lina uzito. Tangu Katiba ya 2010 maktaba za wananchi zimo katika majukumu ya kaunti, kwa hiyo hata kwenye vikao vya kukusanya maoni ya bajeti una haki ya kusimama useme vitabu.

8. Filamu: fuata njia tatu.

Usitarajie ukuta wa filamu kama ule wa kibanda cha muvi mtaani. Katika maktaba za umma rafu ya filamu ni nyembamba, na DVD nyingi huwa za mafunzo au zimekuja pamoja na kitabu. Uliza dawatini, maana mara nyingi haziwekwi wazi. Uliza pia kama unaweza kuitazama papo hapo kwa vipokea sauti vyako.

Njia ya pili ni Alliance Française. Uanachama wa huko hukupa pia Culturethèque, maktaba ya mtandaoni ya Kifaransa yenye vitabu, magazeti, muziki na video. Usidhani ni filamu za Paris pekee. Senegal, Mali na Burkina Faso zimetengeneza sinema kwa miongo mingi, nazo hutunzwa na kuonyeshwa sana katika taasisi hizi. Uliza ratiba ya maonyesho, na uliza kama filamu ina maandishi ya chini kwa Kiingereza kabla hujapanda tuktuk.

Njia ya tatu ndiyo ninayompa kila anayeanza: funga kitabu na filamu pamoja. Adam Shafi alichapisha riwaya ya *Vuta N'kuvute* 1999. Mwaka 2021 Amil Shivji akaitoa kama filamu ya Kiswahili, Zanzibar ya miaka ya 1950, na ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto. Azima kitabu, kimalize, kisha tafuta filamu, utazame mwongozaji ameacha nini na ameongeza nini. Kijana asiyependa kusoma mwanzishe na filamu, halafu mpe kitabu kabla hamu haijapoa. Unapata vitu viwili vipya kwa safari moja.

Majina ya filamu mpya utayapata kama ulivyopata ya vitabu. Tazama washindi wa ZIFF, tamasha la Zanzibar lililoanza 1998, wa FESPACO ya Ouagadougou, iliyoanza 1969 na ambayo hufanyika kila baada ya miaka miwili, na wa tuzo za Kalasha hapa Kenya.

Kwa watoto, soma daraja la KFCB, bodi ya Kenya inayopanga filamu kwa umri wa watazamaji, kabla ya kuwasha: GE ni ya wote, PG mzazi awe karibu, 16 na 18 ni umri wa chini unaoruhusiwa. *Supa Modo* ya 2018, ya Likarion Wainaina, inahusu msichana mgonjwa anayeota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Ni filamu ya kutazama na watoto wakubwa, lakini mama, baba, itazame wewe kwanza. Inaliza.

9. Azima, tunza, rudisha.

Kabla ya kuondoka dawatini, pekua kitabu. Ukurasa uliochanika au doa la chai, mwonyeshe mkutubi aandike, ili usije ukalipishwa. Nyumbani weka kitabu mbali na dirisha la upande wa bahari na mbali na ukuta wenye unyevu. Hewa yetu ya chumvi na joto huleta ukungu upesi, na karatasi ikishaota madoa haiponi. Usikiache ndani ya gari mchana. DVD ishike ukingoni, uirudishe kwenye ganda lake.

Tia tarehe ya kurudisha kwenye simu, siku mbili kabla. Ukiona hutamaliza, nenda uongezewe muda kabla ya tarehe kupita.

Makosa ya mara kwa mara

Kuazima vitabu vingi kupita uwezo wako wa kusoma. Kuwaazimisha majirani kitabu kilichoandikwa jina lako. Kukunja kona ya ukurasa au kupiga mistari kwa kalamu. Kuchoma nakala ya DVD ya maktaba, au kutoa msaada wa DVD zilizochomwa mtaani: maktaba haiwezi kuzipokea, ni wizi wa kazi ya watu. Na hili wengi hawalijui: DVD ya kutazama nyumbani haikupi ruhusa ya kuionyesha hadharani. Ukitaka kuonyesha filamu barazani au ukumbini, pata kibali cha mwenye hakimiliki, na filamu iwe imepangiwa daraja na KFCB.

Ukikwama

*Katalogi inasema kitabu kipo, rafuni hakipo.* Tazama kitoroli, kisha rafu za jirani kulia na kushoto, kisha meza za wasomaji. Kikikosekana, mwambie mkutubi akiweke katika orodha ya kutafutwa.

*Sina mdhamini.* Uliza kama barua ya mwajiri, ya shule au ya chifu inakubaliwa, au kama unaweza kuweka amana. Wakati unangoja, soma mezani.

*Kitabu kimeandikwa "marejeleo".* Hakitoki nje. Nakili unachohitaji, au uliza bei ya kutoa kopi ya kurasa chache.

*Kila ninachotaka kimeazimwa.* Ikiwa ni vitabu teule vya KCSE, nenda likizo inapoanza, si inapokwisha. Vingine, omba uwekewe.

*Mtoto hajapata kitabu cha Kiswahili kinachomfaa.* Tumia African Storybook kwenye intaneti ya maktaba. Ina hadithi za bure za picha, nyingi kwa Kiswahili, zilizopangwa kwa viwango vya usomaji.

*DVD haichezi.* Ifute kwa kitambaa laini kikavu, kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Ikigoma kwenye vifaa viwili, irudishe mapema useme wazi.

*Nimepoteza kitabu.* Nenda ukaseme kabla ya tarehe. Uliza kama unaweza kununua nakala nyingine ya toleo lile lile badala ya kulipa. Ukikubaliwa, mpe muuza vitabu ISBN, si jina peke yake.

*Barua yangu ya kuomba kitabu haijajibiwa.* Rudi na nakala yake baada ya mwezi, uulize kwa upole imefika wapi, na uje na mwenzako mwenye barua yake ya kitabu hicho hicho.